Kuota na Kujua Kwamba Unaota

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa ufupi historia ya jambo moja ambalo limekuwa likizungumzwa sana miongoni mwa walimu wenzetu, hasa vijana, hapa Kinindo na katika mitaa mingine ya kusini mwa Bujumbura. Jambo lenyewe ni ile ndoto ambayo mwenye kuiota, akiwa bado amelala fofofo, hutambua kwamba yale ayaonayo ni ndoto tu, na pengine huweza kuchagua la kutenda humo ndani. Sisi tutaiita ndoto ya kujitambua. Vijana husikia habari zake, huvutiwa nazo, hulala usiku wa kwanza wakiwa na matumaini makubwa, na asubuhi huamka mikono mitupu. Hufanya hivyo wiki mbili au tatu, kisha huacha. Walioacha tumewasikia wakitoa hukumu mojawapo kati ya mbili: ama kwamba habari hizo ni uzushi wa Wazungu, ama kwamba huo ni mlango wa shetani usiofaa kubishwa hodi.

Tunaona kwamba hukumu zote mbili zatokana na kutoijua historia. Tukiifuata habari hii tangu asili yake, tutakuta kwamba baadhi ya ushahidi wake wa kale ulitoka katika bara letu la Afrika. Tutakuta pia kwamba karibu kila aliyeiandikia kwa uaminifu alipitia kipindi kirefu cha kungoja, na kwamba kungoja huko kulikuwa sehemu ya mafunzo yenyewe.

Maneno yetu na mafunzo yake

Yafaa tuanze na lugha, maana ndiyo kazi yetu. Neno ndoto latokana na kitenzi kuota. Neno njozi ni ndugu wa inzozi ya Kirundi, na kuota kwetu ni kurota kwao; mtoto wa Bujumbura asemaye lugha zote mbili huusikia udugu huo bila ya kufundishwa na mtu. Neno ruya tulilipata kutoka Kiarabu, nalo hutumika zaidi kwa ndoto yenye heshima, inayodhaniwa kuleta ujumbe. Jinamizi ni lile zito limkaliapo mtu kifuani usiku, akawa macho lakini hawezi kuinua hata kidole.

Tukiyatazama maneno haya katika sentensi, twaona jambo la kustaajabisha. Mara nyingi mwenye ndoto si mtenda bali mtendwa. Twasema ndoto ilimjia fulani, kana kwamba ndoto ni mgeni aliyefika bila ya taarifa. Zaidi ya hayo tunacho kitenzi kuoteshwa, ambacho ndani yake mna mwoteshaji asiyeonekana na mwoteshwaji asiye na hiari. Mganga asemapo kwamba ameoteshwa dawa, ana maana kwamba yeye hakuitafuta, aliletewa. Na kwa kuwa aliletewa, ni vigumu kumwuliza maswali.

Nguvu ya neno hilo ilidhihirika mwaka 2011. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, wa kijiji cha Samunge huko Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, alieleza kwamba Mungu alikuwa amemwotesha dawa ya maradhi mengi sugu. Watu walimiminika kwa maelfu kunywa kikombe kimoja kwa shilingi 500 za Tanzania, wakiwamo wagonjwa kutoka nchi za jirani. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Wapo walioacha dawa za hospitali kwa imani hiyo, na wapo waliofia njiani. Mzee huyo alifariki dunia mwaka 2021. Si kazi yetu hapa kuupima unyofu wa moyo wake. Twataka tu kuonyesha kwamba katika mazoea yetu ndoto imekuwa na mamlaka makubwa, na kwamba mamlaka hayo yametegemea sana kutokuhoji kwa yule aliyeoteshwa.

Basi mtu ajuaye kwamba anaota huanza kufanya lile ambalo mwoteshwaji halifanyi. Huuliza. Humo ndani ya ndoto yenyewe husema, "Hiki nikionacho ni nini?" Kwa hiyo jambo hili si mchezo wa kupitishia usiku. Ni suala la nani mwenye ndoto.

Mashahidi wa kale wa Afrika ya Kaskazini

Mwanafalsafa Aristotle wa Uyunani, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliandika katika risala yake juu ya ndoto kwamba mara nyingi mtu akiwa amelala, kuna kitu katika nafsi yake kimwambiacho kwamba alionalo ni ndoto tu. Alilitaja jambo hilo kwa kupita, kama mtu asemaye kinachofahamika na wengi.

Ushahidi ulio kamili zaidi twaupata Afrika. Yapata mwaka 415, Augustino, askofu wa Hippo, mji ambao leo huitwa Annaba katika nchi ya Algeria, alimwandikia barua rafiki yake Evodius. Ndani yake alisimulia habari za tabibu mmoja aliyeitwa Gennadius, aliyekuwa akikaa Karthago. Tabibu huyo aliwahi kuwa na shaka kama kuna uhai baada ya kifo. Usiku mmoja aliota kijana akimwongoza hadi kwenye mji mzuri, na alipoamka akaona kuwa ni ndoto tu. Usiku wa pili kijana yule alimjia tena na kumwuliza kama anamkumbuka. Gennadius akajibu kwamba anamkumbuka, akamsimulia yote. Kijana akamwuliza kama aliyaona hayo akiwa macho au usingizini, akajibu, usingizini. Ndipo kijana alipomjulisha kwamba hata wakati ule alikuwa usingizini, akamwuliza mwili wake uko wapi. Gennadius akajibu kwamba uko kitandani. Akaulizwa tena: ikiwa macho ya mwili yamefumbwa kitandani, anamwona kijana huyo kwa macho gani? Tabibu akakosa jibu.

Augustino aliitumia hadithi hiyo kufundisha juu ya uhai wa roho. Sisi twaitazama kwa jicho la mwalimu, nasi twaona kwamba ni somo zima kwa njia ya maswali na majibu. Mwanafunzi hakuambiwa tangu mwanzo, "Unaota." Aliongozwa kutoka jambo alijualo hadi jambo asilolijua. Tena somo halikukamilika usiku wa kwanza; usiku wa kwanza ulikuwa maandalizi ya wa pili.

Baada ya karibu miaka elfu moja, katika pwani iyo hiyo, alizaliwa Ibn Khaldun. Alizaliwa Tunis mwaka 1332. Na magofu ya Karthago yako kandokando ya Tunis. Katika utangulizi wake mashuhuri wa historia, alioukamilisha mwaka 1377, alieleza juu ya maneno fulani yaliyokuwa yakitajwa na watu wa elimu ya siri. Mtu aliyataja wakati wa kulala, baada ya kuitakasa nia yake, kisha akalitaja jambo alitakalo, ili alione ndotoni. Ibn Khaldun alikiri kwamba yeye mwenyewe aliyatumia, naye akaona mambo ya ajabu yaliyomfahamisha habari za nafsi yake alizotaka kuzijua. Lakini hakuishia hapo. Alionya kwamba hiyo si hoja ya kuthibitisha kwamba kuikusudia ndoto ndiko kunakoileta. Maneno yale huiandaa nafsi tu; nafsi ikiisha kuandaliwa, kuna matumaini zaidi ya kulipata lile iliyoandaliwa. Mtu anao uwezo juu ya maandalizi, bali hana uwezo juu ya tunda lake.

Kwa maoni yetu, hakuna neno lenye manufaa zaidi kwa mwanafunzi wa ndoto kuliko hilo. Ni kama mkulima: hulima, hupanda, hupalilia, lakini mvua haimo mikononi mwake.

Pwani yetu na ziwa letu

Waswahili waliofika katika Ziwa Tanganyika katika karne ya 19, kupitia Ujiji, hawakuja na bidhaa tu. Walikuja na lugha, na dini, na pamoja na dini elimu ya kufasiri ndoto. Hata leo katika Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa mji wetu, jina la Ibn Sirin wa Basra si geni. Mwanachuoni huyo alifariki karibu na mwaka 729, ingawa vitabu vingi vya tafsiri ya ndoto vilivyopewa jina lake vilikusanywa na watu waliokuja baada yake. Mafundisho hayo huzigawa ndoto mafungu matatu: iliyo bishara kutoka kwa Mungu, iliyo huzuni kutoka kwa shetani, na ile iliyo mazungumzo ya nafsi na nafsi. Fungu hili la tatu halipewi nafasi kubwa katika maongezi yetu, lakini ndilo linalomhusu sana mwanafunzi wa ndoto ya kujitambua.

Iko pia istikhara. Mwislamu aliye njia panda husali rakaa mbili na kuomba dua ya kuelekezwa kwenye kheri. Watu wengi wa pwani na wa huku bara hulala baada ya hapo wakitazamia ndoto ya kuwajibu, na wasipoota huona kwamba dua haikupokelewa. Lakini ukiyasoma mafundisho ya dua hiyo, hutakuta ndani yake ahadi ya ndoto. Ndoto imeongezwa na hamu ya watu. Hapa napo twamwona ndugu wa yule kijana wa Kinindo: amefanya maandalizi, akayachukua maandalizi kuwa ni deni analolidai usiku.

Jambo jingine la kuzingatiwa ni saa. Tangu zamani imesimuliwa kwamba ndoto za wakati wa daku, yaani za mwisho wa usiku, zina uzito kuliko za mwanzo wake. Na wacha Mungu wengi huamka usiku wa manane kusali, kisha hurudi kulala kidogo. Tutaona punde kwamba desturi hiyo, ambayo haikuwekwa kwa ajili ya jambo hili, inakubaliana na yale yaliyokuja kugunduliwa na wataalamu wa usingizi.

Usiku wa 207

Sasa na tuvuke hadi Ulaya. Mwaka 1867 kilitolewa mjini Paris kitabu kisicho na jina la mwandishi, kilichoeleza habari za ndoto na njia za kuziongoza. Mwandishi alikuwa Marquis d'Hervey de Saint-Denys, mtaalamu wa lugha na fasihi ya Kichina, aliyekuja kuwa profesa mjini humo mwaka 1874. Kitabu chake kiliadimika upesi, hata Sigmund Freud, aliyekuja kuwa mashuhuri kwa kitabu chake mwenyewe juu ya ndoto, alisema kwamba alikitafuta asikipate.

D'Hervey alianza kuandika ndoto zake akiwa mtoto wa miaka 13. Kila asubuhi aliandika na kuchora yale aliyoyaona. Mwanzoni kulikuwa na siku nyingi za mapengo. Baadaye kumbukumbu ikanyooka, hata asubuhi isiyo na ndoto ikawa nadra. Lakini ndoto ya kwanza ambayo ndani yake alijua kwamba anaota ilimpata katika usiku wa 207 wa daftari lake. Walimu wenzetu na waihesabu idadi hiyo: ni karibu miezi saba. Baada ya ile ya kwanza, nyingine zilifuata kwa wepesi, na baada ya mwaka mmoja na miezi michache zikawa karibu za kila usiku. Kijana aachaye katika wiki ya tatu ameacha kabla ya kufikia usiku wa 22.

Mfuasi wake katika kazi hii alikuwa Frederik van Eeden, daktari na mwandishi wa Uholanzi. Mwaka 1913 alitoa makala yaliyolitia katika Kiingereza jina linalotumika hadi leo. Hadi kufikia wakati huo alikuwa ameandika ndoto zake zipatazo 500, na kati ya hizo 352 zilikuwa za kujitambua, alizozipata kuanzia Januari 1898 hadi Desemba 1912. Hesabu hiyo yafaa kupigwa: miaka 15 ina miezi 180, kwa hiyo bingwa huyo, ambaye jina alilolichagua hutajwa leo ulimwenguni kote, alikuwa na wastani wa ndoto mbili tu kwa mwezi. Basi mwanafunzi anayedai moja kila usiku anadai ambacho hata mwasisi hakukipata.

Ushahidi wa maabara

Pamoja na maandishi hayo, wataalamu wengi hawakuamini. Mwanafalsafa wa Marekani, Norman Malcolm, katika kitabu alichokitoa mwaka 1959, alitetea kwamba haina maana kusema mtu aliyelala ana fahamu ya kulitambua jambo lolote; akiwa na fahamu, basi hakulala. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu, maana hapakuwa na njia ya mlalaji kumpelekea mtu aliye macho ujumbe.

Njia ilipatikana kwa sababu ya ugunduzi uliofanywa Chicago mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman. Waligundua kwamba usiku tunapitia vipindi ambavyo macho yetu huchezacheza kwa kasi chini ya kope, na kwamba mtu akiamshwa katika kipindi hicho aghalabu husimulia ndoto. Vipindi hivyo hurudi kila baada ya dakika 90 hivi, na kila usiku unavyosonga ndivyo vinavyorefuka. Katika kipindi hicho misuli ya mwili hulegea kabisa, ila ile ya kupumulia na ile ya macho. Kama macho hayakufungwa, basi macho yaweza kusema.

Asubuhi ya tarehe 12 Aprili 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, Keith Hearne alikuwa akimwangalia Alan Worsley akiwa usingizini. Walikuwa wamekubaliana kwamba Worsley akijikuta katika ndoto na kutambua kuwa anaota, atayapeleka macho yake kushoto na kulia kwa mpango maalumu. Ishara hiyo ilitokea katika chati ya mashine, huku vipimo vingine vyote vikionyesha kwamba mtu huyo amelala. Miaka michache baadaye Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliufikia ushahidi wa namna hiyo kwa njia yake mwenyewe, akautoa mwaka 1981. Na mwaka 2021 watafiti wa Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi walitangaza kwamba wameweza kuwauliza waotaji maswali, yakiwamo ya hesabu ndogondogo, na baadhi yao wakajibu kwa macho au kwa misuli ya uso bila ya kuamka.

Kwa hiyo hukumu ya kwanza ya vijana wetu, kwamba habari hizi ni uzushi, imekwisha kujibiwa. Uchunguzi uliojumlisha kazi za watafiti wengi, uliotolewa mwaka 2016, ulikadiria kwamba yapata asilimia 55 ya watu wamewahi kuipata ndoto hiyo angalau mara moja maishani, wengi wao bila ya kuitafuta.

Kwa nini mwanafunzi huchelewa

Hapa Kinindo sisi walimu wachache tulikubaliana kuandika ndoto zetu kwa muhula mmoja, kila mtu na daftari lake kando ya kitanda, ndani ya chandarua. Tuliyoyaona hayatoshi kuitwa utafiti, lakini yalitufundisha kuyasoma maandishi ya wazee kwa ufahamu zaidi. Tunazitaja hapa sababu kuu za kuchelewa.

Sababu ya kwanza ni kusahau. Mtu asiyekumbuka ndoto yoyote hawezi kujua kama alijitambua ndani yake. Katika juma la kwanza madaftari yetu yalikuwa karibu matupu. Wengi wetu tulikuwa tukikurupuka kwa kengele ya saa, kisha maji ya kuoga, kisha watoto, kisha basi la kuelekea mjini. Ndoto haikupewa hata dakika moja ya kujieleza. Tulipojizoeza kutulia tuli baada ya kuamka, bila ya kugeuka, kurasa zilianza kujaa. D'Hervey alianza na daftari, na hatujui njia ya mkato iliyo bora kuliko hiyo.

Sababu ya pili ni saa. Wengi hujaribu wanapoingia kitandani saa nne za usiku, wakati ambapo vipindi vya ndoto ni vifupi na usingizi ni mzito. Wataalamu hushauri mtu alale kwanza saa tano hivi, aamke kwa muda mfupi, kisha arudi kulala akiwa na nia yake. Ndiyo maana tumesema kwamba yule aamkaye kusali usiku na kurudi kulala yuko karibu na mlango bila ya kujua.

Sababu ya tatu ni namna ya kuishika nia. LaBerge alionyesha kwamba jambo hili ni la kumbukumbu ya neno la baadaye: kama mama ajiambiaye, "Nikipita sokoni, nikumbuke chumvi." Mtu aliyeamka kutoka ndotoni huikumbuka ndoto ile, hujiona tena ndani yake akiwa anatambua, na hujiambia kwamba safari ijayo atakapoota atakumbuka kuwa anaota. Kukariri maneno bila ya kuyakusudia hakufai kitu, kama vile mwanafunzi akaririvyo ngeli za nomino bila ya kuzitungia sentensi. Naye Paul Tholey wa Ujerumani alisisitiza zoezi la mchana: kujiuliza mara nyingi, kwa kuchunguza kweli, "Je, sasa ninaota?" Kwa sisi walimu kipimo kizuri ni maandishi. Soma neno ubaoni, geuka, lisome tena. Katika ndoto maandishi aghalabu hubadilika.

Hata hivyo tusidanganyane juu ya kiasi cha mavuno. Katika uchunguzi wa Australia uliotolewa mwaka 2017, watu waliofanya mazoezi haya kwa pamoja walifanikiwa kwa asilimia 17 ya usiku walizojaribu; na wale waliorudi usingizini ndani ya dakika tano walifikia asilimia 46. Maana yake ni kwamba hata kwa juhudi njema, usiku mwingi hupita bila ya kitu. Na kwamba anayekaa akijihimiza kwa wasiwasi, usingizi ukamruka, anajinyima mwenyewe. Pupa ni adui wa usingizi.

Sababu ya nne ni furaha. Mwenzetu mmoja, katika juma la kumi na moja, alijiona akitembea ufukweni mwa ziwa, akaona milima ya Kongo iko karibu mno kuliko ilivyo, akajua kwamba anaota. Alifurahi hata akaamka papo hapo. Wengine wetu hadi mwisho wa muhula hatukupata hata hicho kidogo. Van Eeden na wenziwe walilijua jambo hili, na ushauri unaotolewa ni kutulia, kutazama mikono, kugusa ukuta, kuacha ndoto ikae.

Juu ya jinamizi na hofu

Sasa tuijibu hukumu ya pili. Ni kweli kwamba mtu achezeaye mpaka wa usingizi aweza kukutana na jinamizi. Akili huamka kabla ya misuli kurudishiwa nguvu zake, na picha za ndoto huendelea kuonekana chumbani. Hali hiyo hutisha lakini hupita yenyewe baada ya muda mfupi. Mwaka 1995 hofu ya popobawa ilienea Pemba na Unguja, hata watu wakawa wanalala nje kwa makundi, wakiota moto usiku kucha. Wapo waandishi walioeleza kwamba sehemu ya masimulizi ya wakati ule yafanana sana na hali ya jinamizi. Hatusemi kwamba maelezo hayo yanamaliza kila kitu, kwani hofu ya watu wengi huwa na mizizi mingi. Twasema tu kwamba ajuaye jinamizi ni nini huwa na ngao ambayo asiyejua hana. Na mtu mwenye maradhi ya akili, au asiyepata usingizi wa kutosha, asijaribu mazoezi haya bila ya kumwuliza daktari.

Katika nchi yetu suala hili lina uzito wa pekee. Walio watu wazima leo wamepitia mwaka 1972, au mwaka 1993 na miaka ya vita iliyofuata, au yote mawili. Wengi huyaona tena usiku yale ambayo mchana hawayatamki. Katika mwaka 1997 na mwaka 2006 walitokea wataalamu waliojaribu kuwafundisha watu wenye ndoto za kutisha zinazojirudia jinsi ya kutambua kwamba wanaota. Idadi ya watu hao ilikuwa ndogo, lakini wengi walipata nafuu. Tena ilionekana katika uchunguzi wa mwaka 2006 kwamba nafuu iliwafikia hata baadhi ya wale ambao hawakuwahi kujitambua ndotoni. Kule kuisimulia ndoto, kuiandika, na kufikiri mwisho mwingine wakiwa macho, kulikuwa na faida yake.

Neno hilo la mwisho ndilo tunalotaka walimu wenzetu walichukue. Mwanafunzi wa ndoto aliyeandika daftari kwa siku mia, asiipate ndoto aliyoitafuta, hakurudi mikono mitupu. Amejifunza kukumbuka. Amejifunza kuuliza, "Nikionacho ni nini?" kabla ya kukiamini au kukiogopa. Mwalimu wa lugha naye aweza kumpa mtoto anayesinzia darasani kwa sababu ya ndoto mbaya karatasi na kalamu, amwambie aiandike kwa Kiswahili au kwa Kirundi, kisha aiandikie mwisho autakao yeye; na hali ikizidi, amshauri mzazi ampeleke kwa mtaalamu. Mambo hayo hayahitaji maabara wala fedha.

Kwa wale wanaoendelea kujaribu, twawakumbusha tu kwamba mstahimilivu hula mbivu, na kwamba Ibn Khaldun alikwisha kutupa mpaka wa kazi yetu: maandalizi ni yetu. Waweke daftari kando ya kitanda usiku wa leo, na wauandikie namba.